Programu ya terminali inayoanguka mara moja moja: mwongozo kamili wa kulikamata kosa

Vijana wanaoandika programu hapa Goma hukutana na lalamiko lilelile kila mara. Programu ya mauzo inafanya kazi asubuhi nzima, kisha inajifunga ghafla. Ukiiwasha tena inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyeiandika anafungua kodi, anabadilisha mistari anayoitilia shaka, anairudisha dukani, na kabla wiki haijaisha simu inaita: imejifunga tena.

Kinachowakwamisha wengi ni kuanza kutengeneza kabla ya kushika ushahidi. Kuanguka kwa mara moja moja kuna sharti lake, na sharti hilo likitimia programu inaanguka kila mara. Kazi yako ni kulitafuta sharti hilo bila kugusa hata mstari mmoja wa kodi, mpaka umelipata.

Mfano wangu wote ni programu ndogo, tuiite `duka`, iliyoandikwa kwa lugha ya C na maktaba ya ncurses (ya kuchora fomu kwenye terminali, yaani dirisha la maandishi matupu), inayotumika kwenye depo za Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kuandika mali inayoingia na inayotoka. Inaendeshwa kwenye Ubuntu au Debian, kwenye kompyuta za mitumba za biti 64. Kama programu yako ni ya C++ au Rust, hatua nyingi zinabaki vilevile.

## Andaa hivi kwanza

- Kodi ya programu toleo lilelile lililoanguka, pamoja na faili lake la kuendeshwa. Ukikompaili upya, ushahidi wa zamani hausomeki vizuri.
- Vifaa hivi: `sudo apt install build-essential gdb valgrind strace tmux`. Vipakue ukiwa na mtandao mzuri, kabla hujaenda dukani.
- Kompyuta iliyoanguka yenyewe, au angalau ruhusa ya kuikalia kwa saa moja. Kompyuta yako ya nyumbani haitoshi, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya pili.
- Nafasi kwenye diski. Angalia kwa `df -h /var/tmp`. Gigabaiti mbili zilizo wazi zinatosha kwa programu ya ukubwa huu.
- Daftari la karatasi kwa muuzaji. Usilidharau.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba programu imeanguka kweli

Mtumiaji akisema "imejifunga", anaweza kuwa anazungumzia mambo manne tofauti: programu yenyewe imekosea, umeme umekatika, mawasiliano yamekatika, au keneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) imeiua programu kwa sababu kumbukumbu imejaa. Matatu kati ya hayo hayaponi hata ukiandika kodi upya.

Umeme ndio wa kwanza kuchunguza. Andika:

```
last -x | head -20
```

Ukiona neno `crash` kwenye mstari, maana yake kompyuta ilizimika bila kuzimwa. Linganisha saa hiyo na saa ambayo muuzaji aliandika. Zikilingana, mwambie mwenye duka atafute betri ya akiba, na kosa hilo lifute kwenye orodha yako.

Kisha chunguza kumbukumbu kujaa:

```
journalctl -k | grep -i "out of memory"
```

Kompyuta yenye gigabaiti 2, kivinjari kimefunguliwa na kurasa kumi, inafika hapo haraka. Keneli huchagua programu moja na kuiua bila kuiomba ruhusa.

Ili kutofautisha yaliyobaki unahitaji namba ambayo programu huiacha inapotoka. Usiiendeshe `duka` moja kwa moja tena. Iendeshe kupitia skripti hii:

```
#!/bin/bash
ulimit -c unlimited
mkdir -p /var/tmp/duka
D=/var/tmp/duka/daftari.txt
echo "MWANZO $(date '+%F %T') $(stty size) $LANG" >> $D
/opt/duka/duka 2>> /var/tmp/duka/makosa.txt
namba=$?
stty sane
echo "MWISHO $(date '+%F %T') namba=$namba" >> $D
```

Programu ikiuawa na ishara (amri fupi yenye namba ambayo mfumo huitumia programu), shell, yaani programu inayopokea amri zako, hurudisha 128 ukijumlisha namba ya ishara. Kwa hiyo:

- 139 (128 + 11): imegusa kumbukumbu isiyo yake. Hili ni kosa la kodi.
- 134 (128 + 6): imejiua yenyewe baada ya kugundua jambo lisilowezekana, mara nyingi maktaba ya C imekuta kumbukumbu imevurugwa. Ni kosa la kodi pia.
- 137 (128 + 9): imeuawa kutoka nje. Rudi kwenye kumbukumbu kujaa.
- 141 (128 + 13): imeandika kwenye bomba (pipe) ambalo upande wa pili umeshafungwa.
- MWANZO bila MWISHO: umeme umekatika, au terminali imefungwa na skripti ikafa pamoja na programu.

Hali ya mwisho ni ya kawaida sana kwa wanaoingia kwenye kompyuta ya depo kupitia SSH kwa Wi-Fi dhaifu. Muunganisho ukifa, programu hupokea ishara ya 1 na kufa. Dawa yake ni kuiendesha ndani ya `tmux`, programu inayoshikilia terminali yako hai hata muunganisho ukikatika, kisha kurudi kwa `tmux attach`. Nimeona watu wakitafuta kosa la kumbukumbu wiki nzima kwa tatizo ambalo `tmux` ingelimaliza siku ileile.

Dalili ya kufaulu: una angalau mstari mmoja wa MWISHO wenye namba 139 au 134. Kama huna, usiendelee na hatua zinazofuata, acha skripti ifanye kazi yake kwanza.

## Hatua ya 2: Mkalie muuzaji karibu, umtazame mikono

Muuzaji anajua zaidi ya anavyofikiri. Ila ukimwuliza "ulifanya nini?", atajibu "sikufanya kitu, ilijifunga yenyewe", kwa sababu swali limekaa kama lawama. Mwulize hivi:

"Mama, kabla haijajifunga, ulikuwa unaandika bidhaa gani?"

"Dirisha lilikuwa kubwa au ulikuwa umelipunguza?"

"Ilijifunga ulipokuwa unaandika, au ulipokuwa unafunga hesabu ya siku?"

Saa aandike ile anayoiona kwenye kona ya simu, tarakimu kwa tarakimu. Goma iko saa mbili mbele ya UTC, na mashine nyingi za mbali huandika kumbukumbu zao kwa UTC. Bila saa ya uhakika hutaweza kuzilinganisha.

Halafu tazama kibodi. Dukani utakuta kibodi ya Kifaransa, AZERTY, wakati mwandishi wa programu mara nyingi anatumia QWERTY. Kwenye AZERTY safu ya juu haitoi tarakimu mpaka ubonyeze Shift. Bila Shift, kitufe cha 2 kinatoa `é`, cha 7 kinatoa `è`, cha 9 kinatoa `ç`, na cha 0 kinatoa `à`. Muuzaji mwenye haraka anayetaka kuandika 20 kwenye sehemu ya idadi anaandika `éà`. Je, uliwahi kuijaribu programu yako kwa idadi ya `éà`?

Tazama pia lugha ya mfumo kwa `echo $LANG`. Ikiwa ni `fr_FR.UTF-8` na programu inaita `setlocale(LC_ALL, "")`, desimali inakuwa mkato. Faili la kiwango cha dola lililoandikwa `12.50` litasomwa kama 12, na `.50` itabaki njiani ikimsubiri anayesoma namba inayofuata. Asomaye hapo asipochunguza kama `scanf` imefaulu, anatumia kigezo ambacho hakijajazwa. Ukikuta hali hiyo, weka `setlocale(LC_NUMERIC, "C")` baada ya ile ya kwanza, lakini subiri mpaka hatua ya mwisho.

## Hatua ya 3: Washa faili la core

Faili la core ni picha ya kumbukumbu yote ya programu wakati ule ilipokufa. Ukilipata moja tu lililo zima, umeokoa siku nyingi.

Skripti yetu imeshaondoa kikomo cha ukubwa kwa `ulimit -c unlimited`. Sasa angalia linaenda wapi:

```
cat /proc/sys/kernel/core_pattern
```

Kama jibu linaanza na alama `|`, faili linapewa programu nyingine. Kwenye Ubuntu huwa ni apport, programu ya kukusanya ripoti za kuanguka. Kama ni `systemd-coredump`, huna haja ya kubadilisha kitu: tumia `coredumpctl list` na baadaye `coredumpctl gdb duka`. Kama ni apport, izime kisha uweke njia yako:

```
sudo systemctl disable --now apport.service
echo 'kernel.core_pattern=/var/tmp/duka/core.%e.%p.%t' | sudo tee /etc/sysctl.d/60-core.conf
sudo sysctl --system
```

Kwa nini kwenye `/etc/sysctl.d` badala ya kuandika moja kwa moja ndani ya `/proc`? Kwa sababu ukiandika ndani ya `/proc`, kompyuta ikizimika mpangilio unapotea, na hapa kwetu kompyuta huzimika. Kwa sababu hiyohiyo tumia `/var/tmp`, maana `/tmp` kwenye mifumo mingi hufutwa kompyuta inapowaka.

Jaribu kabla hujaondoka dukani. Washa `duka`, kisha kwenye terminali ya pili:

```
kill -SEGV $(pidof duka)
```

Dalili ya kufaulu: shell inaandika `Segmentation fault (core dumped)`, na `ls -lh /var/tmp/duka` inaonyesha faili jipya lenye ukubwa zaidi ya sifuri. Kama maneno `core dumped` hayapo, kikomo bado kipo au folda hairuhusu kuandikwa.

Onyo: ndani ya faili hilo mna kila kitu kilichokuwa kwenye kumbukumbu, yaani madeni ya wateja, bei za kununulia, maneno ya siri. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada. Libebe kwa flashi, na ukimaliza lifute.

## Hatua ya 4: Soma ushahidi kwa gdb

Gdb ni kifaa cha kuchungulia ndani ya programu, hata iliyokwisha kufa. Ipe faili la kuendeshwa na faili la core:

```
gdb /opt/duka/duka /var/tmp/duka/core.duka.4312.1718200000
(gdb) bt full
```

Ukiona `??` kila mahali, au majina bila namba za mistari, mara nyingi programu imeondolewa majina yake kwa `strip` au ilikompailiwa bila `-g`. Kompaili kwa `-g -O1 -fno-omit-frame-pointer`, peleka toleo hilo dukani, usubiri ianguke tena. Inaudhi, lakini njia ya mkato hapa haipo. Ukiona majina, unapata kitu kama hiki (mstari wa juu ni mahali ilipofia, na kila mstari wa chini yake ndio uliouita ule wa juu):

```
Program terminated with signal SIGSEGV, Segmentation fault.
#0  __GI___libc_free (mem=0x55d0c8a1f2e0)
#1  ondoa_bidhaa (b=0x55d0c8a1f2a0) at ghala.c:88
#2  funga_siku () at mauzo.c:140
#3  main () at duka.c:41
```

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanakimbilia `ghala.c` mstari wa 88, wanakuta `free(b->jina)`, wanaizungushia masharti, wanaamini wamemaliza. Mstari huo hauna hatia. `free`, fanksheni inayorudisha kumbukumbu iliyoombwa kwa `malloc`, imeanguka kwa sababu imekuta kumbukumbu imeshavurugwa, na aliyeivuruga amepita saa nyingi kabla, pengine asubuhi bidhaa ilipoandikishwa.

Kanuni ninayoishika: picha ikionyesha `free`, `malloc` au `realloc` juu kabisa, usimtafute mkosaji kwenye picha hiyo. Nenda hatua ya 6. Picha ikionyesha fanksheni yako mwenyewe juu kabisa, tumia `frame 0`, `info locals` na `print` kuangalia vigezo, na uangalie hasa pointa yenye thamani 0 na fahirisi iliyozidi mipaka.

Ukikusanya mafaili matatu au manne ya core, yalinganishe. Yakianguka mahali palepale, kosa liko kwenye programu. Kila moja likianguka mahali tofauti pasipo na uhusiano wowote, na programu nyingine kwenye kompyuta hiyo nazo zinaanguka, shuku RAM. Sakinisha `memtest86+`, iendeshe kutoka kwenye menyu ya kuwashia usiku kucha kompyuta ikiwa kwenye betri. Kosa hata moja jekundu linatosha: badilisha kipande cha RAM. Lakini usiianze safari yako hapa, maana kuisingizia mashine ni rahisi mno.

## Hatua ya 5: Ifanye ianguke unapotaka

Sasa una tetesi kadhaa: bidhaa zenye herufi za alama, idadi iliyoandikwa `éà`, dirisha lililobadilishwa ukubwa, kufunga siku. Zijaribu moja moja. `tmux` inakusaidia kubonyeza vitufe bila mikono:

```
tmux new-session -d -s jaribio -x 80 -y 24
tmux send-keys -t jaribio './duka; echo namba $?' Enter
sleep 1
tmux send-keys -t jaribio 'Huile végétale bidon 5L' Enter
tmux send-keys -t jaribio 'éà' Enter
tmux resize-window -t jaribio -x 60 -y 20
sleep 1
tmux capture-pane -p -t jaribio
```

Tumeanza na shell kwanza, ndipo tukaiita `duka` ndani yake, kwa sababu ukiianzisha `duka` moja kwa moja, ikifa dirisha linafungwa na namba inapotea nayo. Kama terminali yako imebaki haionyeshi herufi unazoandika baada ya kuanguka, andika `reset` ubonyeze Enter hata kama huioni.

Zungusha skripti hiyo mara nyingi na uandike inaanguka mara ngapi. Ukiwa na programu inayosoma faili bila skrini, kitanzi rahisi kinatosha:

```
i=0
while true; do
  i=$((i+1))
  ./duka --faili majaribio.txt 2>> makosa.txt
  n=$?
  if [ $n -ne 0 ]; then echo "mzunguko $i namba $n"; break; fi
done
```

Bado haianguki? Iongezee mateso. `MALLOC_PERTURB_=165 ./duka` hujaza takataka kwenye kila kumbukumbu inayotolewa na inayorudishwa, hivyo nafasi iliyotoka kwa `malloc` bila kujazwa haiwezi tena kubahatika kuwa sifuri.

Na kama inaanguka nje ya gdb lakini ndani ya gdb inakaa imara, sababu ya kawaida ni hii: gdb huzima upangaji wa nasibu wa anwani za kumbukumbu. Irudishe kwa `set disable-randomization off` kabla ya `run`. Gdb na ncurses zikigombea skrini moja, fungua terminali ya pili, andika `tty` humo, kisha ndani ya gdb andika `tty /dev/pts/3` (namba yako itakuwa tofauti).

Dalili ya kufaulu: unaweza kusema sentensi kama hii: "Nikifanya hivi, huanguka mara 1 kati ya 20." Namba hiyo iandike. Bila hiyo hutaweza kuthibitisha kwamba umeponya.

## Hatua ya 6: Mkamate mkosaji kwa AddressSanitizer

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. AddressSanitizer ni kikaguzi cha gcc kinachosimamisha programu palepale inapovuka mpaka wa kumbukumbu. Kompaili hivi:

```
gcc -g -O1 -fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address *.c -o duka-asan -lncursesw
ASAN_OPTIONS=log_path=/var/tmp/duka/asan ./duka-asan
```

`log_path` ni ya lazima kwa programu ya terminali. Bila hiyo ripoti inamwagika juu ya skrini ya ncurses na husomi kitu. Programu itatumia muda kama mara mbili, jambo ambalo dukani halisumbui.

Rudia majaribio ya hatua ya 5, kisha fungua faili linaloanza na `asan.`. Kwa `duka` yetu ripoti inasema:

```
ERROR: AddressSanitizer: heap-buffer-overflow
WRITE of size 26
    #1 andikisha_bidhaa ghala.c:31
0 bytes after 24-byte region
allocated by thread T0 here:
    #1 andikisha_bidhaa ghala.c:30
```

Hebu tuusogelee mstari huo:

```
b->jina = malloc(24);      /* herufi 23 na sifuri ya mwisho */
strcpy(b->jina, maandishi);
```

Fomu ya ncurses imewekewa kikomo cha safu 23, kwa hiyo mwandishi aliamini baiti 24 zinatosha. Sasa pima jina la bidhaa:

```
printf 'Huile végétale bidon 5L' | wc -m     →  23
printf 'Huile végétale bidon 5L' | wc -c     →  25
```

Herufi 23, baiti 25. Kwenye UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi kwa baiti, kila `é` inachukua baiti mbili. Ongeza sifuri ya mwisho unapata 26, ndiyo ile `WRITE of size 26`. Baiti mbili zimevuka mpaka.

Kwa nini basi haikuanguka palepale, wala kila siku? Sababu ni tatu, na zinaeleza tabia yote iliyomsumbua mwenye duka.

Kwanza, "Huile vegetale bidon 5L" bila alama inaingia kamili kwenye baiti 24. Muuzaji mmoja huandika alama, mwingine haandiki. Zamu ikibadilika, kosa linakuja au linaondoka.

Pili, majina mafupi hayafiki mpakani. "Café" ina herufi 4 na baiti 5. Hakuna shida yoyote. Tena, maktaba ya C kwenye mashine ya biti 64 haitoi nafasi iliyo chini ya baiti 24. Kama mwandishi angeomba `malloc(10)` na kuandika baiti 11, angekuwa amekosea vilevile lakini kosa lingelala kimya miaka.

Tatu, baiti zilizovuka zinaangukia kwenye namba inayoeleza ukubwa wa kipande cha jirani. Ni kama mtu aliyesogeza ukuta wake ndani ya kiwanja cha jirani: mnaishi kwa amani, ugomvi unazuka siku jirani anapotaka kuuza. Jirani "anauza" pale `free` inapoitwa, yaani jioni, muuzaji anapofunga hesabu ya siku. Bidhaa iliandikwa asubuhi, programu inaanguka jioni, na picha ya gdb inamwonyesha jirani.

Onyo: AddressSanitizer haioni kuvuka kunakotokea ndani ya struct moja. Kama `jina` lingekuwa `char jina[24]` likifuatwa na `int bei` ndani ya struct ileile, baiti zingeingia kwenye bei bila ripoti. Kwa hali hiyo kompaili toleo jingine kwa `-O2 -D_FORTIFY_SOURCE=2`; hilo husimamisha `strcpy` ya namna hiyo kwa ujumbe `*** buffer overflow detected ***`.

Usiunganishe AddressSanitizer na Valgrind (kikaguzi kingine, utakikuta kwenye hatua ya 8) kwenye jaribio moja. Haziendi pamoja.

## Hatua ya 7: Chunguza vitufe na ukubwa wa dirisha

Kosa la pili ambalo nalikuta kwenye programu nyingi za ncurses ni jedwali la vitufe:

```
void (*tendo[128])(void);
int k = getch();
tendo[k]();
```

`getch` hairudishi ASCII peke yake. Baiti za `é` ni 195 na 169, zote zimezidi 127. Mishale na vitufe vya F viko juu ya 256. Mtu akibadilisha ukubwa wa dirisha, ncurses inarudisha `KEY_RESIZE`, ambayo ni 410. Na kama hakuna kitufe ndani ya muda uliowekwa, inarudi `ERR`, yaani -1. Kila moja ya hizo inasoma nje ya jedwali na kurukia anwani iliyokutwa hapo. Takataka hizo zikiwa sifuri, programu inaanguka kwa 139. Zikiwa anwani halali, inafanya jambo la ajabu kisha inaendelea.

Chunguza pia fanksheni zozote ulizoziunganisha na ishara, hasa `SIGWINCH`, ishara ya dirisha kubadilishwa ukubwa. Ndani yake hairuhusiwi kuita `printf`, `malloc`, wala fanksheni za ncurses, kwa sababu ishara inaweza kufika katikati ya `malloc` nyingine. Weka bendera tu ya aina ya `volatile sig_atomic_t`, kisha uifanyie kazi kwenye kitanzi kikuu.

## Hatua ya 8: Ikiwa bado kimya

Vigezo visivyojazwa havionekani kwa AddressSanitizer. Tumia Valgrind kwenye toleo la kawaida: `valgrind --track-origins=yes --log-file=vg.txt ./duka`. Ni nzito, mara 20 hadi 30 polepole, kwa hiyo iache ifanye kazi na `tmux` ikibonyeza vitufe.

Kama programu ina nyuzi (threads) zaidi ya moja, kwa mfano moja inayochora skrini na nyingine inayotuma mauzo, kompaili upya kwa `-fsanitize=thread` peke yake. Ikionyesha `data race`, amini, hata kama matokeo yanaonekana sawa.

Na kwa kosa sugu kabisa, `rr record ./duka` hurekodi mwendo wote wa programu. Ukishakamata kuanguka kumoja, `rr replay` hukurudishia kuanguka kulekule kila mara, na unaweza kuweka `watch -l` kwenye anwani iliyovurugwa kisha kurudi nyuma kwa `reverse-continue` mpaka kwa aliyeivuruga. Inahitaji prosesa inayoruhusu vihesabio vyake, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kompyuta yako.

## Hatua ya 9: Tengeneza, kisha thibitisha kwa hesabu

Sasa ndipo unapogusa kodi. Kwa mfano wetu ni mstari mmoja:

```
b->jina = strdup(maandishi);
```

Usitumie `strncpy` yenye 24 ukidhani ni salama. Inaweza kukata `é` katikati, ikaacha nusu ya herufi, na usipoweka sifuri ya mwisho mwenyewe, jina halina mwisho. Kwenye jedwali la vitufe weka sharti `if (k >= 0 && k < 128 && tendo[k])` kabla ya kuita.

Tengeneza kosa moja kwa wakati, kila moja kwenye `git commit` yake. Ukitengeneza matatu pamoja hutajua lipi lilikuwa lenyewe.

Kisha rudia majaribio ya hatua ya 5, na hapa ikumbuke ile namba uliyoiandika. Kama programu ilikuwa inaanguka mara 1 kati ya 20, mizunguko 20 salama haithibitishi chochote: hata programu ambayo haijaponywa ina nafasi ya kama asilimia 36 ya kuipita yote bila kuanguka. Mizunguko 60 inashusha nafasi hiyo hadi karibu asilimia 5. Zidisha kwa tatu angalau, na ukiweza zidisha kwa kumi, maana mizunguko haikugharimu kitu ila umeme. Hesabu hiyohiyo itumie ukifanya `git bisect`, yaani kutafuta commit iliyoleta kosa: usiandike `good` mpaka mizunguko imetosha, la sivyo utaongozwa kwenye commit isiyo na kosa.

Jaribu na toleo la zamani pia, kwa mizunguko ileile, siku ileile, kompyuta ileile. Ni lazima lianguke. Lisipoanguka, sharti limebadilika bila wewe kujua na jaribio lako halipimi kitu.

Toleo jipya likifika dukani, iache ile skripti ya hatua ya 1 ilivyo, na core ibaki imewashwa. Mwachie mama daftari lake la karatasi mwezi mzima. Kila Jumamosi pitia `daftari.txt` kwa `grep MWISHO`, utafute namba yoyote isiyo 0, na hesabu MWANZO zote kama zina MWISHO zake.